Dereva kagonga, tajiri alipe? Wasomaji wauliza kuhusu ajali na fidia

Barua za toleo hili zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: gari limemuumiza mtu, dereva hana kitu, na mwenye gari anajitoa. Majibu yanafuata sheria za Kenya. Majina ya waandishi tumeyaacha kwa makusudi.

SWALI: Nilikuwa abiria wa bodaboda jioni, hapa Kisauni, tukagongwa na kanta (lori dogo) ya kampuni ya mikate. Nilivunjika mfupa wa paja na nimewekwa chuma. Kampuni inasema dereva alikuwa ameshamaliza kugawa mikate na alikuwa anampelekea shemeji yake godoro, basi nimdai dereva mwenyewe. Dereva huyo anaishi chumba cha kupanga. Nina haki yoyote kwa kampuni? – *Abiria, Kisauni*

JIBU: Pole sana. Jibu ulilopewa si la kupuuza, kwa kuwa lina msingi katika sheria. Lakini kulitamka ofisini ni kitu kimoja, na kulithibitisha mbele ya hakimu ni kitu kingine.

Dai lako lina hatua mbili, na ya kwanza ndiyo watu huiruka. Lazima uthibitishe uzembe wa dereva: kwamba alipaswa kuwa mwangalifu kwa wenzake barabarani, hakuwa, na kwa sababu hiyo wewe ukaumia. Mwajiri hubeba kosa la dereva wake, na pasipo kosa la dereva hana mzigo wa kubeba. Kuna wadai wanaofika mahakamani na bahasha nene ya hospitali, wakiulizwa ajali ilitokeaje wanajibu, "Kanta ilitugonga." Hilo halitoshi. Sema bodaboda ilikuwa upande upi, kanta ilitokea wapi, taa zilikuwa zimewaka au la, magari yalisimama wapi baada ya kugongana, vioo vilimwagika upande gani wa barabara. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaruhusu ukiukaji wa Kanuni za Barabarani kutegemewa kama hoja ya uzembe, hivyo ukionyesha kwamba dereva aliingia barabara kuu bila kusubiri, umepiga hatua kubwa.

Hatua ya pili ndiyo inayokusumbua: je, saa ile dereva alikuwa kwenye kazi ya mwajiri? Mahakama zetu zinatumia kanuni zilizorithiwa kutoka Uingereza. Katika kesi ya Joel dhidi ya Morison ya mwaka 1834, jaji alitofautisha dereva aliyepinda njia kidogo akiwa bado kwenye shughuli za tajiri wake, na dereva aliyeshika safari yake binafsi kabisa. Wa kwanza tajiri humlipia, wa pili hapana. Mwaka 1869 katika Storey dhidi ya Ashton, dereva wa mfanyabiashara wa mvinyo alikuwa amekwisha kupeleka mzigo, na badala ya kurudi akaelekea kwingine kwa shughuli ya karani waliyekuwa pamoja. Akamgonga mtu. Tajiri hakuwajibishwa. Wakili wa kampuni ya mikate atakuja na kesi hiyo mkononi, tena atafurahi nayo.

Ila usikate tamaa. Kwanza, kuvunja amri ya mwajiri hakumtoi dereva kwenye kazi. Katika kesi ya Limpus ya mwaka 1862, kampuni ya mabasi ya London ilikuwa imewakataza madereva kwa maandishi wasishindane na mabasi mengine. Mmoja akashindana, akapindua basi la kampuni pinzani, na kampuni ikalipa, kwa sababu alikuwa akiendesha basi la kampuni kutafuta abiria wa kampuni. Kosa lilikuwa katika namna ya kuifanya kazi. Mwaka 1942, dereva wa lori la petroli aliyewasha kiberiti kuvuta sigara huku akimimina mafuta alimtwika mwajiri wake hasara yote kwa sababu hiyo hiyo.

Pili, kuna mahali mzigo wa kueleza unahamia upande wa pili. Katika Karisa dhidi ya Solanki, mwaka 1969, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishikilia kwamba gari likithibitishwa limeleta madhara kwa uzembe, na mwenyewe akajulikana, pasipo ushahidi wa kinyume inachukuliwa kuwa aliyeliendesha ni mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa makosa yake. Dhana hiyo huvunjwa kwa ushahidi. Kampuni italazimika kuleta orodha ya wateja wa siku hiyo, saa ya mwisho ya kushusha mikate, rekodi ya kifaa cha kufuatilia gari, na meneja wa kuapa kwamba hakumruhusu dereva kubeba godoro. Kampuni nyingi hukana kila kitu kwenye karatasi, kisha siku ya kusikilizwa hazileti shahidi hata mmoja. Ukanusho wa kwenye karatasi si ushahidi.

Kwa hiyo chunguza haya mapema. Kanta ililala wapi usiku huo, kwa dereva au bohari? Kama ililazimika kurudishwa bohari na Kisauni iko njiani, hoja ya safari binafsi inadhoofika. Kulikuwa na kreti tupu za mikate ndani? Je, madereva wa kampuni hiyo hubeba mizigo ya pembeni kila siku na meneja anafumba macho? Ruhusa ya kimyakimya nayo ni ruhusa. Tukiyapima hayo, godoro peke yake halikufungii mlango. Lingekufungia kama dereva angekuwa ameondoka kabisa kwenye njia ya kazi, kwa mfano yuko Malindi wakati mikate ni ya Mombasa mjini.

Wakili wako aandike madai mawili kwenye hati ya madai: kwamba dereva alikuwa mtumishi au wakala wa kampuni akiwa kazini, na vilevile kwamba kampuni yenyewe ilizembea, mathalani kwa kumpa gari asiye na leseni ya daraja linalotakiwa au kuachilia breki mbovu. Dai la pili halitegemei godoro lilikuwa la nani. Mwenye bodaboda na aliyekuwa akiiendesha waunganishwe kama kuna dalili yoyote kwamba nao walikosea; usipowaunganisha, kampuni itawaleta yenyewe kwa notisi ya mhusika wa tatu na kesi itarefuka. Abiria wa nyuma ni nadra kupewa sehemu ya lawama ya mgongano, lakini kama hukuvaa helmeti na umeumia kichwa, tarajia kukatwa asilimia fulani. Kwa jeraha la paja hoja hiyo haina nguvu.

Halafu chuma hicho. Gharama ya kukitoa siku za mbele lazima itajwe kwenye hati ya madai pamoja na kiasi alichokadiria daktari. Usipoitaja, hakimu hawezi kukupa hata akikuonea huruma.

SWALI: Ni karatasi gani hasa ninazohitaji kabla ya kumwona wakili? Polisi wamenipa moja tu. – *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Hiyo moja bila shaka ni abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali. Isome hapo hapo kituoni, kabla hujaondoka. Linganisha nambari ya usajili wa gari herufi kwa herufi, tarehe, mahali, jina la mwenye gari, kampuni ya bima na nambari ya cheti cha bima. Herufi moja ikikosewa, baadaye utakuwa unamdai mwenye gari lililokuwa limeegeshwa Eldoret siku hiyo. Chukua pia nambari ya tukio kwenye kitabu cha matukio cha kituo (OB). Sheria inamtaka dereva aripoti ajali ya majeraha haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24; nawe usingoje wiki mbili, maana pengo hilo ndilo wakili wa upande wa pili hulitumia kudai kwamba uliumia kwingine.

Kisha fomu ya polisi ya majeraha (P3) iliyojazwa na daktari, karatasi za siku ya kwanza hospitalini, muhtasari wa kuruhusiwa na picha za eksirei. Karatasi ya siku ya kwanza ina uzito kuliko zote. Kama inasema maumivu ya mguu tu, ripoti ya miezi minane baadaye inayotaja shingo na mgongo itatiliwa shaka.

Kwa umiliki, omba rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka ya usalama barabarani na uchukuzi, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema aliyeandikishwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Abstrakti nayo imewahi kukubaliwa na Mahakama ya Rufaa kuthibitisha umiliki pale ambapo haikupingwa, lakini kuitegemea peke yake ni kucheza kamari na kesi yako. Kama mwenye gari ni kampuni, tafuta jina lake kamili kwenye Huduma ya Usajili wa Biashara. Jina lililopakwa rangi ubavuni mwa lori mara nyingi ni la biashara tu, na huwezi kulishtaki kama lilivyo.

Stakabadhi zote za dawa, nauli na hospitali hifadhi zenyewe, si nakala. Fidia ya gharama halisi hutajwa shilingi kwa shilingi na kuthibitishwa. Ya maumivu hukadiriwa na hakimu kwa kulinganisha na kesi zilizotangulia.

SWALI: Niliuza pikapu yangu kwa makubaliano ya maandishi, nikalipwa, nikamkabidhi mnunuzi na logibuku. Hakuhamisha jina. Miezi sita baadaye amemgonga mtoto, na mimi ndiye nimeletewa wito wa mahakama. – *Mzee wa Taveta*

JIBU: Mzee wetu, rekodi bado inakutaja wewe, na mlalamishi hana njia ya kujua mlichokubaliana. Usikasirike na wito, wala usiutupe. Ukikaa kimya muda wa kujibu ukapita, hukumu itatolewa bila wewe, na madalali wa kunadi mali watakuja kwako Taveta, si kwa mnunuzi.

Habari njema ni kwamba jina kwenye rekodi ni dhana inayoweza kupinduliwa. Mahakama zetu zimekubali mara nyingi kwamba anayemiliki gari kwa vitendo anaweza kuwa mtu mwingine tofauti na aliyeandikishwa. Utahitaji makubaliano ya mauzo yenye tarehe, nambari ya gari, nambari ya chesi na sahihi za mashahidi. Uthibitisho wa malipo, wa benki au M-Pesa. Na lolote linaloonyesha gari lilikuwa mikononi mwake, kama vile cheti cha bima alichokata kwa jina lake. Mwombe wakili atoe notisi ya mhusika wa tatu ili mnunuzi aingizwe kwenye kesi. Makubaliano yaliyochapwa baada ya ajali hujulikana haraka, hasa yakikosa rekodi ya malipo ya siku hiyo.

Kwa wanaouza magari mwaka huu: Sheria ya Trafiki hairuhusu gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kuandikishwa. Kamilisheni uhamisho wa jina kwenye mfumo wa NTSA kabla ya kukabidhi ufunguo. Mnunuzi anayeomba "tutabadilisha baadaye" anakuomba umdhamini barabarani bila malipo.

SWALI: Mimi ni tanboi, msaidizi wa dereva wa lori. Lori la tajiri lilipinduka karibu na Mtito Andei, dereva alikuwa amesinzia. Nimepoteza vidole viwili. Wakili mmoja anasema tumshtaki tajiri kwa uzembe wa dereva, mwingine anasema siwezi. – *Kijana, Mariakani*

JIBU: Huyo wa pili ndiye yuko sawa kuhusu tajiri wako. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo wengi wanaiita WIBA, inamzuia mfanyakazi aliyeumia kazini kumshtaki mwajiri wake kwa jeraha hilo. Njia ni kudai kupitia Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mahakama ya Juu ilithibitisha uhalali wa mpango huo Desemba 2019. Wanaofungua kesi ya kawaida leo huishia kufutiwa, na muda umekwenda.

Njia ya WIBA ina faida moja kubwa kwako: huhitaji kuthibitisha kwamba dereva alisinzia. Unathibitisha tu kwamba ulikuwa kazini na kwamba uliumia. Mwajiri anapaswa kumwarifu Mkurugenzi ndani ya siku 7 tangu apate habari, na dai lako liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Usimtegemee tajiri kuripoti. Nenda mwenyewe ofisi ya kaunti ya usalama na afya kazini, uchukue fomu ya kuripoti ajali, daktari ajaze sehemu yake akitaja asilimia ya ulemavu wa kudumu. Asilimia ndiyo pesa. Hesabu ya ulemavu wa kudumu hufanywa kwa mapato ya miezi 96: ukiwa unalipwa shilingi 25,000 kwa mwezi na ulemavu ukawa asilimia 15, ni 25,000 mara 96 mara 15 kwa mia, yaani shilingi 360,000. Juu ya hapo kuna malipo ya muda ambao hukuweza kufanya kazi kabisa, yasiyozidi miezi 12, na gharama za matibabu.

Hapa ndipo wengi hupunjwa: tajiri anaandika mshahara wa kwenye karatasi, shilingi 12,000, na posho ya safari haihesabiwi. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo. Kama hukubaliani na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kupinga kwake, na baada ya jibu lake siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Kizuizi hicho cha kushtaki kinamlinda mwajiri wako tu. Kama lori lingekuwa limegongwa na basi la mtu mwingine, ungeweza kumshtaki mwenye basi kwa njia ya kawaida.

SWALI: Mume wangu alipewa lifti kwenye lori la mchanga. Ndani kumeandikwa "Hakuna abiria". Lilipata ajali, akafariki. Mwenye lori anasema kibao kinamlinda. Na tukishinda, tutahesabiwa vipi? – *Mama wa watoto watatu, Likoni*

JIBU: Mama, pole kwa msiba. Suala la lifti ni gumu, na tusikupe matumaini ya bure. Katika Twine dhidi ya Bean's Express ya mwaka 1946, dereva alimpa mtu lifti kinyume na amri na kibao, mtu akafa, na mwajiri hakulipa: kumbeba mtu huyo hakukuwa sehemu ya kazi ya dereva. Miaka 30 baadaye, katika Rose dhidi ya Plenty, mvulana wa miaka 13 aliyekuwa akimsaidia muuza maziwa kugawa chupa, kinyume na amri ya kampuni, alifidiwa na kampuni, kwa kuwa uwepo wake ulisaidia kazi ya mwajiri. Kwa hiyo swali ni hili: marehemu alikuwa anafanya nini ndani ya lori? Kama alikuwa mnunuzi wa mchanga anaonyesha njia ya kwenda kwenye ujenzi wake, au alisaidia kupakia, una kesi yenye miguu. Kama alikuwa anasafiri tu, njia ni nyembamba. Na hata ukishinda, sheria hailazimishi bima ya lori la mizigo kumkinga mtu aliyepewa lifti ya bure, hivyo huenda ukabaki na mwenye lori pekee.

Kuhusu hesabu. Kabla ya kufungua kesi kwa niaba ya mirathi utahitaji kibali cha usimamizi wa mali ya marehemu, hata kile cha muda cha kuendeshea kesi tu. Mahakama huchukua mapato ya marehemu kwa mwezi, mara 12, mara idadi ya miaka ambayo angeendelea kufanya kazi kwa makadirio, kisha sehemu ambayo ingekwenda kwa familia, mara nyingi theluthi mbili kwa aliyekuwa na mke na watoto. Mfano: shilingi 18,000 mara 12 mara miaka 15 mara theluthi mbili ni shilingi 2,160,000. Huongezewa kiasi cha maumivu kabla ya kufa, cha kupotelewa na matarajio ya maisha, na gharama za mazishi. Kama hakuna hati ya mshahara, mahakama nyingi hutumia kima cha chini cha mshahara cha serikali cha wakati huo, ambacho kwa fundi mzuri ni kidogo kuliko alichopata kweli. Tafuteni basi daftari la kazi, taarifa za M-Pesa, na mteja mmoja au wawili walio tayari kutoa ushahidi.

Wategemezi wanaotambuliwa ni mke au mume, mtoto na mzazi. Ndugu wa marehemu hawamo, hata kama aliwasomesha.

SWALI: Rafiki aliniazima gari kwenda harusini, nikagonga ukuta wa mtu. Nani anadaiwa? – *Msomaji, Thika*

JIBU: Wewe, kwanza. Mwenye gari hudaiwa pamoja nawe ikiwa ulikuwa ukiendesha kwa ajili yake au kwa sehemu kwa ajili yake, mfano umempelekea gari aje kulitumia baada ya harusi. Kwa safari yako tu, kuazima hakumfanyi awajibike. Ndivyo ilivyoamuliwa Uingereza katika kesi ya Launchbury, ambapo mke mwenye gari hakubeba kosa la rafiki wa mumewe aliyekuwa akiliendesha baada ya wanaume hao kuzunguka vilabuni. Ila mwenye gari ndiye atakayelazimika kueleza hivyo, kwa sababu ya dhana ya kesi ya Karisa tuliyoitaja juu. Ukuta ni hasara ya mali: kama haizidi shilingi milioni 1, mwenye ukuta anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo.

SWALI: Bima ya tajiri inasema itafidia, lakini polepole. Naweza kuishtaki bima moja kwa moja? Polisi nao hawajamshtaki dereva hadi leo. – *Msomaji, Kakamega*

JIBU: Bima haishtakiwi kwanza. Unamshtaki mwenye gari na dereva, unapata hukumu, na bima isipolipa ndipo unafungua kesi ya pili ya kuilazimisha chini ya kifungu cha 10 cha Sura ya 405, sheria ya bima ya lazima ya magari. Ili njia hiyo ibaki wazi, bima lazima iwe imepewa notisi ya kesi kwa muda unaotakiwa. Ipelekee bima notisi ya maandishi kabla hujafungua kesi, ubaki na nakala yenye mhuri wao wa kupokea. Kukosa mhuri huo kumewapotezea watu hukumu walizokuwa wameshashinda.

Jua pia kikomo: bima ya lazima inalipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Hukumu ikiwa milioni 4.2, ile milioni 1.2 iko mabegani mwa mwenye gari mwenyewe. Wenye magari wengi hawalijui hilo hadi madalali wafike.

Kuhusu polisi, kesi yako haingoji yao. Dereva akipatikana na hatia na muda wa rufaa ukapita, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hukumu hiyo kuwa uthibitisho kamili wa kosa lake, ingawa bado anaweza kudai kwamba nawe ulichangia. Asiposhtakiwa, unathibitisha mwenyewe, na kipimo cha madai ni chepesi kuliko cha jinai: lipi lina uwezekano zaidi.

SWALI: Tajiri ananikata mshahara wote miezi miwili mfululizo kulipia bampa ya matatu. Kisheria sawa? – *Dereva, Kisumu*

JIBU: Hapana. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa uharibifu wa mali ya mwajiri uliotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kukwaruza bampa kwenye foleni si kosa la makusudi. Andika barua, baki na nakala, kisha nenda ofisi ya leba.

Na mpelekee tajiri hili: dereva wa gari la abiria au la biashara haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 8 kwa jumla katika saa 24. Siku ukigonga ukiwa umeshika usukani kwa muda wa saa 12, atakuwa anajibia uzembe wake mwenyewe wa kukupangia zamu hiyo, pamoja na wako.

SWALI: Ajali ilikuwa miaka miwili na miezi kumi iliyopita. Nimechelewa? – *Msomaji, Kitui*

JIBU: Bado, ila kimbia. Madai ya majeraha yana miaka 3 tangu siku ya ajali, na ya kifo miaka 3 tangu siku ya kifo. Barua za mazungumzo na bima hazisimamishi saa. Kuna mawakala wa bima wanaokuahidi "wiki ijayo" hadi siku ya mwisho ipite. Kama gari lilikuwa la serikali, muda ni miezi 12 tu, na toa kwanza notisi ya siku 30 kwa Mwanasheria Mkuu. Wewe una wiki nane hivi. Nenda na abstrakti, karatasi za hospitali na rekodi ya NTSA. Mengine yote wakili anaweza kuyaongeza baada ya kesi kusajiliwa.